Dalali aliniuzia nyumba Goba, kisha akaiuza na njia yangu

Kama unatafuta nyumba Goba, hapa Dar es Salaam, na umeshakutana na dalali anayekwambia "njoo uone, pametulia", soma hapa kabla hujatoa hata ile hela ya kuoneshwa. Habari za vyumba vingapi, bati gani na tailizi za rangi gani utaziona mwenyewe ukifika. Mimi nataka kuzungumza juu ya njia.

Tulikuwa tumepanga Sinza miaka mingi. Baa upande huu, baa upande ule, muziki mpaka alfajiri, na baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mume wangu akachukua mkopo kazini, mimi nikavunja kibubu changu cha biashara ya vitenge, tukaanza kuzunguka. Tulipofika Goba moyo ukatulia. Mtaa sitautaja kwa sababu bado naishi hapo.

Eneo lenyewe halijapimwa, hilo tulilijua, na ndiyo maana niliuliza habari ya njia kabla ya kuuliza bei. Niliuliza mbele ya muuzaji na mbele ya mume wangu. Dalali akatembea kwa hatua kutoka fensi hadi fensi, akasema, "Mama yangu, hizi ni mita 6, boza la maji linapita, gari la choo linapita, hata fuso la mchanga linapita." Kwenye karatasi ya mauziano tukaandika kabisa kwamba upande wa mashariki nyumba inapakana na barabara. Mjumbe akasaini. Majirani wa mipaka wakasaini. Mke wa muuzaji naye akasaini, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na mimi sikutaka mtu aje kulia getini kwangu baadaye. Sasa mtu aniambie ni kitu gani kilibaki ambacho sikukifanya.

Miezi ya mwanzo, nisiwe mnyimi wa fadhila, ilikuwa raha. Goba ni vilima na mabonde, kwa hiyo jioni kuna upepo ambao Sinza hukuupata hata kwa feni. Watoto walianza kulala saa tatu. Nilipanda mchicha na matembele nyuma ya nyumba. Bibi wa nyumba ya kona alituletea mihogo siku ya kwanza tu, hatujafungua hata mabegi. Lami ya kwenda Madale na Mbezi ipo karibu, bajaji unaipata. Ningeandika wakati ule ningewaambia wote mhamie huku.

Masika yalipoisha nikatoka kazini jioni moja nikakuta tofali zimepangwa katikati ya njia. Katikati! Nikadhani zimeshushwa kwa muda. Kesho yake msingi ukachimbwa. Namuuliza fundi, ananijibu bila kuniangalia, "Mama, sisi tumeambiwa tuzungushe ukuta mpaka hapa." Pale "hapa" palibakiza upenyo wa kupita bodaboda, na bajaji ikibahatika dereva anakunja vioo.

Nilipofuatilia nikagundua kwamba yule muuzaji wetu alikuwa amebaki na kipande cha mbele, akakiuza chote pamoja na njia. Na aliyemtafutia mteja ni nani? Ni dalali yule yule. Mkono ule uliopima mita 6 mbele yangu ndio uliomwonesha mtu mwingine zile zile mita 6 kama sehemu ya kiwanja chake. Kala cha juu kwangu, kala cha juu kwake.

Nikapiga simu, hapokei. Nikapiga kwa namba ya mdogo wangu, akapokea, aliposikia sauti yangu akakata. Nikamfuata kijiweni kwake, chini ya mwembe karibu na kituo, amekaa na wenzake. Huyu kijana alikuwa akiniamkia shikamoo kila asubuhi wakati wa kutafuta hela yangu. Siku hiyo hakuinuka, hakunisalimia. Nikamweleza taratibu kabisa, kwa heshima. Akanijibu: "Mama, mimi nilikuuzia nyumba. Barabara nilikuuzia lini? Ukitaka barabara nenda kwa wakala wa barabara, TARURA."

Wenzake wakacheka. Wote.

Nimeshatukanwa sokoni, nimeshasukumwa kwenye daladala, hayo yanapita. Kicheko kile hakijapita. Nimeweka jasho la miaka yetu yote mkononi mwa mtu, na mtu huyo ananichekea mbele ya vijana wenye umri wa wanangu. Hana ofisi, hana leseni, hana risiti hata moja aliyonipa, kwa hiyo hata kumfuatilia kwa udalali wake ni kazi ngumu. Kesho atahamia kijiwe cha Madale na kuanza upya.

Halafu shimo la choo likajaa. Huku hakuna bomba la maji taka, kila nyumba na shimo lake. Gari la kuvuta likaja, likasimama mbali kule kwa bibi wa kona, dereva akashuka akaangalia, akatikisa kichwa. Ikabidi waunge mipira ipite katikati ya uwanja wa bibi wa watu, juu ya matembele yake, na hela ikaongezwa. Bibi akasema "usijali mwanangu", na ndiyo iliyoniuma zaidi. Kodi ya jengo nakatwa kila mwezi kwenye umeme wa LUKU bila kukosa, lakini nyumba yangu haifikiwi na gari. Mgonjwa akizidiwa usiku tutambeba mgongoni mpaka lami?

Tumekwenda Baraza la Kata. Mjue kwamba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila mwafaka ndipo unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Jirani alikuja na karatasi yake ya mauziano. Nayo ina mjumbe, ina mashahidi, ina mihuri. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa moyo wangu wote, na pale nikaona kwamba naye ametoa hela halali kwa mdomo ule ule. Nilimhurumia. Lakini huruma yangu ina mpaka: amekubali kwamba njia ilikuwepo, ameiona kwa macho yake, na mita mbili za kurudisha ukuta nyuma hataki kuzitoa. Kwa hiyo hapana, namlaumu na yeye.

Nilikusudia kumaliza kwa kusema msinunue huku. Siwezi. Jana usiku umeme ulikatika, tukakaa nje na watoto, kimya kabisa, mume wangu akasema harudi Sinza hata kwa nyumba ya bure. Nami sirudi. Mahali pazuri, majirani wazuri, nyumba imara. Nikikaa ndani geti limefungwa, naipa alama zote. Nikifungua geti nikauona ule ukuta, naiondolea zote.

Mwenye uwezo anunue kiwanja kilichopimwa, kama vile vya ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000 kule Mbweni, Bunju au Kibada, ambako barabara zimechorwa kwenye mchoro wa mipango miji. Asiye na uwezo huo, kama sisi, amlazimishe muuzaji atoe ile njia kwa maandishi yanayojitegemea, yakiwa na vipimo vyake na sahihi ya kila anayepakana nayo, na asikubali dalali apime kwa miguu. Na ukimkuta kijana chini ya mwembe, mchangamfu sana, anakuita "mama yangu" kabla hajajua jina lako, akakwambia ana nyumba Goba mahali pametulia, muulize njia ya kwangu iko wapi.

Wiki ijayo tunakwenda wilayani. Nyumba siuzi.