Kaunta buku la kurasa 288, baada ya miezi saba

Nililinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, siku chache baada ya arobaini ya mama. Jalada gumu jeusi, mgongo wa kitambaa chekundu. Ni lile lile wenye maduka wanaloandikia madeni.

Nilikuwa nimesoma habari za James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika utafiti uliochapishwa 1986, yeye na mwenzake waliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza. Nikajaribu. Usiku wa kwanza niliandika kwamba sikupokea simu ya mwisho ya mama kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia. Sikuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu. Machozi yaliangukia ukurasa, karatasi ikajikunja, lakini maandishi ya kalamu ya Bic yanasomeka mpaka leo.

Karatasi ni nyepesi. Ukikandamiza, alama hutokea upande wa pili. Na mimi nilikandamiza sana. Mshono, hata hivyo, ni imara: hakuna ukurasa uliochomoka. Kwa mkoba ni zito, kwa hiyo hulala chini ya godoro.

Usiku wa nne niliacha kujitetea. Nikaandika tu, "Mama, nisamehe." Asubuhi nilimpelekea dada daftari lenyewe, nikamfungulia ukurasa ule. Akasoma akiwa amesimama jikoni, akaketi, akasema, "Mdogo wangu, hata mimi sikupokea."

Nimeshamnunulia la kwake.