Uchambuzi: The Immaculate Collection ya Madonna, na kwa nini wengi mnaisikia nusu

Mwagonile wa Mbeya, kamwene wa Iringa na Njombe, na wengine wote habari za saa hizi. Leo mezani tuna hii hapa, The Immaculate Collection ya Madonna, mkusanyiko wa vibao vyake uliotoka Novemba 1990. Tuliomba maoni yenu, na yamekuja ya moto. Wapo mnaoapa kwamba hakuna mkusanyiko wa pop uliowahi kuufikia huu. Wapo mnaosema nyimbo zimekatwakatwa, zimechezewa, na sauti haina nguvu. Kaka mmoja wa Mafinga ameandika kwamba "Holiday ya humu siyo Holiday ninayoijua." Kaka, ni kweli siyo. Na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu karibu kila lalamiko mlilotuletea linarudi kwenye mambo mawili: nafasi ya sidii, na kitu kinaitwa QSound.

Tuanze na nafasi. Humu kuna nyimbo 17. Kumi na tano ni vibao vya kuanzia 1983 mpaka 1990, mbili za mwisho, Justify My Love na Rescue Me, zilikuwa mpya. Jumla yake ni kama dakika 73 na nusu. Sidii ya wakati ule ilibeba kama dakika 74. Maana yake wamejaza mpaka ukingoni, na ili nyimbo zote 17 ziingie kwenye sidii moja, nyingi zilipaswa kupunguzwa. Holiday kwenye albamu ya kwanza ya 1983 inapita dakika 6, humu ni kama dakika 4. Lucky Star ilikuwa zaidi ya dakika 5 na nusu, humu haifiki 4. Borderline imepoteza zaidi ya dakika nzima, Cherish vilevile. Kinachokatwa mara nyingi ni sehemu za ala peke yake na ule mzunguko mrefu wa mwishoni. Kwa anayesikiliza redioni hiyo siyo hasara, lakini kwa mtu anayependa kucheza muziki, kipande kilichotolewa ndicho chenyewe alichokuwa anakingojea.

Sasa la pili, na hili ndilo zito. Hawakuchukua nyimbo za zamani wakazipanga tu kwenye sidii. Walirudi kwenye studio wakazichanganya upya. Kazi hiyo iliongozwa na Shep Pettibone, yuleyule aliyetengeneza Vogue pamoja na Madonna. Na wakazipitisha kwenye QSound, teknolojia iliyotoka Kanada, na albamu hii ni ya mwanzo kabisa kuitumia. QSound inacheza na tofauti ndogo sana za muda na awamu (yaani jinsi mawimbi ya sauti yanavyopishana) kati ya spika ya kushoto na ya kulia, mpaka sikio linadanganyika: unasikia ngoma imetokea nje ya spika, pembeni ya kochi, wakati pale pembeni hakuna kitu. Spika ni mbili tu, lakini muziki unakuzunguka.

Tatizo ni kwamba ujanja huo unategemea masharti. Ukivunja sharti moja tu, unachobaki nacho ni wimbo uliokondeshwa, na hapo mtu anaandika kwenye maoni kwamba Madonna kaharibu nyimbo zake.

Sharti la kwanza, spika ziwe mbili, kushoto na kulia, na kila moja ipige upande wake. Zile spika ndogo za bluetooth nyingi hujumlisha pande zote mbili kuwa sauti moja. Tofauti za awamu zinapojumlishwa, vitu vilivyokuwa vimewekwa pembeni hufifia na upana wote unayeyuka. Angalia na simu yako pia: kwenye mipangilio ya ufikivu kuna kitufe cha sauti ya mono, na huenda kimewashwa bila wewe kujua. Kizime.

Sharti la pili ni mpangilio. Sabufa za kwetu zinakuja na spika mbili au tatu ndogo, na tunavyozipanga tunajuana. Moja juu ya kabati, nyingine barazani ili wateja wa dukani nao wasikie. Kwa Bongo Fleva hakuna atakayegundua. Kwa albamu hii umeiua. Weka spika mbili zikitazama upande mmoja, mita 2 kati yake, urefu wa masikio ya mtu aliyekaa, na wewe ukae mita 2 hivi kutoka kila moja, iwe pembetatu. Usizisukume kwenye kona ya ukuta, kwa sababu sauti inayogonga ukuta na kurudi inavuruga hizo tofauti ndogo tulizozisema. Hedifoni zinafaa kuonja undani wa nyimbo, lakini QSound ilitengenezwa kwa ajili ya spika, kwa hiyo ule upana wa kukuzunguka ukiukosa kwenye hedifoni usilaumu hedifoni.

La tatu wengi hawalijui: waya. Kama sabufa yako ina vibanio vyekundu na vyeusi kwa nyuma, na fundi akageuza spika moja tu, nyekundu ikaingia penye nyeusi, basi spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Besi inakauka, na sauti ya mwimbaji inakuwa kama inaelea haijulikani inatoka wapi. Pima kwa Live to Tell. Ni wimbo wa taratibu, una nafasi nyingi ndani yake, na sauti ya Madonna inatakiwa isimame katikati kabisa ya spika mbili. Kama haina makao, zima redio, geuza waya za spika moja, moja tu, kisha sikiliza tena. Ikirudi katikati na besi ikajaa, umepata jibu.

Na besi yenyewe, jamani. Najua raha ya sabufa ni kutikisa vikombe. Lakini hii ni kazi ya 1990, kabla studio hazijaanza kushindana kupaza sauti mpaka juu kabisa. Ukiipiga baada ya wimbo wa siku hizi utaona iko chini, na mkono utakimbilia kwenye kitufe cha besi. Usiguse besi. Ongeza sauti kuu, acha besi katikati, na treble ipandishe kidogo kama spika zako ni nzito.

Haya, sasa nyimbo zenyewe, maana wengi ndiyo mmekuja nazo.

Mwanzo unakwenda kwa mpangilio wa miaka, kwa hiyo unasikia msichana wa disko akikua. Holiday, Lucky Star, Borderline, halafu Like a Virgin na Material Girl, hizi mbili za mwisho zikiwa zimetengenezwa na Nile Rodgers wa kundi la Chic. Hapa mabadiliko ni madogo, zaidi ni kukata. Crazy for You na Into the Groove zote zilitoka kwenye filamu za 1985, na Into the Groove ya humu ndiyo ya kwanza utakayosema "mbona hii nyingine," kwa sababu ni rimiksi.

La Isla Bonita ndiyo iliyotajwa zaidi kwenye maoni yenu, na haishangazi, huku kwetu wimbo huu umekuwa mali ya kila mtu, mpaka wasiojua neno la Kihispania wanaimba. Sikiliza gitaa la Kihispania linavyojibu sauti upande mmoja, na zile ngoma za Kikuba zinavyosambaa pembeni. Kwa spika zilizopangwa vizuri, huu ndio wimbo wa kumwonyesha mgeni. Kama una muda wa wimbo mmoja tu kabla ya kuamua, weka huu.

Kisha Like a Prayer na Express Yourself, na hapa ugomvi ni halali. Like a Prayer ya 1989 ilijengwa kwa kupanda na kushuka: ubeti unanyamaza karibu kimya, halafu kwaya ya Andraé Crouch inaingia na biti inaanguka. Toleo la humu lina biti ya dansi inayosukuma zaidi, na ule ukimya umepungua makali. Mama mmoja wa Kihesa, Iringa, anaimba kwaya, ametuandikia kwamba wameukosea heshima wimbo. Mama, tunakubaliana nawe. Wimbo unaotegemea ukimya ukiujaza ngoma umeuondolea sababu ya kuwepo. Express Yourself ni kinyume chake kwetu. Albamu ya 1989 ina matarumbeta na ngoma nzito za soul. Humu ni rimiksi ya Pettibone, nyepesi, ya klabu, na ndiyo iliyo karibu na mlivyoizoea kwenye video. Hapa rimiksi imeshinda, wasioafiki waandike chini.

Vogue haina kesi. Justify My Love sehemu kubwa ni kunong'ona juu ya ngoma, na video yake kituo cha televisheni cha muziki cha MTV walikataa kuionyesha. Ukiwa na watoto sebuleni au wakwe wamekuja, ruka namba 16. Rescue Me inaanza na radi na mapigo ya moyo, na radi ile kwa QSound inajaza chumba kizima. Watu wa Tukuyu mtadhani bati limeanza.

Sasa kilichokosekana. Who's That Girl ilishika namba moja Marekani mwaka 1987, haimo. True Blue haimo. Causing a Commotion, Dress You Up, Angel, zote nje. Mtazamaji wa Soweto hapa Mbeya anauliza kama walisahau. Hawakusahau, kaka, rudi kwenye zile dakika 74. Kuongeza wimbo mmoja kungemaanisha kukata zaidi nyingine. Uingereza walijaribu kuziba pengo mwaka 1991 kwa kutoa The Holiday Collection, sidii ndogo yenye nyimbo nne: Holiday, True Blue, Who's That Girl na Causing a Commotion. Kuipata leo ni kazi ya wakusanyaji.

Kama wewe ni wa kundi la Mafinga, unayetaka nyimbo kama zilivyokuwa, usipoteze muda hapa. Chukua albamu yenyewe ya True Blue ya 1986. Nyimbo 9 tu, na ndani yake kuna Papa Don't Preach, Open Your Heart, Live to Tell na La Isla Bonita kabla hazijaguswa. Kama unataka kazi za baada ya 1990 pia, kuna Celebration ya 2009, nyimbo 36 kwenye sidii mbili, na Who's That Girl na Dress You Up zimo. Ubaya wake haifuati miaka, inaruka huku na huku, huwezi kusikia mtu akikua. GHV2 ya 2001 inaanzia pale hii inapoishia, nyimbo 15, na hizo mbili zikikaa pamoja zinapendeza. Finally Enough Love ya 2022 yenye nyimbo 50 ni ya rimiksi za klabu, siyo ya kuanzia.

Ndugu zetu wa Kyela mmekumbusha kwamba ng'ambo ya mto Songwe Madonna hajulikani kwa nyimbo tu. Ni kweli, amelea watoto wanne wa Malawi, na mwaka 2017 hospitali ya upasuaji wa watoto aliyoijenga ilifunguliwa Blantyre. Lakini leo tunapima sidii.

Bando: kusikiliza albamu nzima kwa ubora wa chini wa 96 kbps kunakula kama MB 53. Kwa 160 ni kama MB 88, na kwa 320 kama MB 176. Kwa QSound usishuke chini ya 160, kwa sababu ukandamizaji mkubwa huanza kutupa hizohizo tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia. Ukiwa na WiFi pakua mara moja kwa ubora wa juu, umemaliza. Ukiiweka safarini kutoka Mbeya mjini, albamu nzima inakufikisha karibu na Tukuyu.

Wanaojaziwa flashi kwenye vibanda vya Mwanjelwa na Kabwe, kuweni macho. Folda inaandikwa jina la albamu, picha ya jalada ipo, lakini ndani ni matoleo ya kuokoteza, mengine yamevutwa kutoka kwenye video. Usimlipe kijana kabla hujatazama muda. Holiday ikisoma zaidi ya dakika 6, au Cherish ikifika 5, hiyo siyo hii. Kisha weka wimbo wowote, chomoa spika ya kushoto, sikiliza, rudisha, chomoa ya kulia. Zikilingana kabisa, faili imeshageuzwa mono na hakuna sabufa itakayokuokoa.

La mwisho limetoka kwa DJ wa Makambako: je, apige hii kwenye harusi? Usipige, mdogo wangu. Mitambo ya kumbi nyingi imeunganishwa mono ili meza ya nyuma isikie sawa na ya mbele, kwa hiyo QSound haina kazi pale. Beba Holiday ya 1983, ile ndefu. Zile dakika 2 zilizokatwa humu ndizo MC atakazozihitaji wakati kamati bado inahangaika kupanga foleni ya keki.