Mafuta ya samaki kwa ajili ya moyo: nini ununue kwanza Mbeya na Iringa

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua samaki, vidonge vya mafuta ya samaki viache dukani. Utafiti wa VITAL wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2018, ulihusisha watu 25,871. Nusu yao walipewa gramu 1 ya omega-3, aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki, kila siku kwa takriban miaka mitano, na jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo haikupungua kwa kiasi cha kutegemea. ASCEND wa Uingereza, kwa wagonjwa wa kisukari 15,480, ulileta jibu hilohilo.

1. Usipa na dagaa. Usipa wa Ziwa Nyasa, wanaopanda kutoka Kyela, ndio chaguo letu la kwanza. Kula mara mbili kwa wiki, konzi moja ya wakavu kwa mtu mmoja. Chagua wenye rangi ya fedha na tumbo zima. Waliogeuka njano au kahawia, wanaonuka kama rangi ya mlango, mafuta yao yameshaharibiwa na jua na hewa, na omega-3 ndiyo huharibika mapema. Uliza kama walianikwa kwenye chanja. Wa mchangani watakusaga meno. Wenye presha waepuke waliotiwa chumvi, au wawaloweke na kumwaga maji. Nunua wa wiki mbili tu, weka kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko. Pika mchuzi wa nyanya na kitunguu. Ukiwakaanga kwenye mafuta mengi, unakula mafuta ya kupikia kuliko ya samaki.

2. Vibua, au sadini wa kopo. Gramu 100 za sadini hutoa takriban gramu 1 ya EPA na DHA, yaani omega-3 mbili za samaki. Kopo lililovimba au kubonyea kwenye mshono usilichukue. Vibua wa barafu wenye matumbo yaliyopasuka, na mfuko uliojaa maji ya damu yaliyoganda, wameyeyuka wakagandishwa tena.

Perege na sato ni kitoweo kizuri, lakini omega-3 yao ni kidogo. Alizeti pia haiingii hapa: mafuta yake kwa sehemu kubwa ni omega-6, aina nyingine ya mafuta.

3. Vidonge vyenye EPA na DHA nyingi. Hivi ni vya asiyekula samaki kabisa, au aliyeshauriwa na daktari. Geuza chupa usome nyuma. "1000 mg" ya mbele ni uzito wa mafuta yote. Kidonge cha kawaida kina EPA 180 na DHA 120, jumla miligramu 300 tu. Tafuta jumla ya 500 au zaidi, na uangalie kama hesabu hiyo ni ya kidonge kimoja au viwili, maana wengi hunaswa hapo. Kisha gawa bei kwa jumla ya miligramu za chupa nzima. Chupa ya bei rahisi mara nyingi hushindwa. Ukifika nyumbani, toboa kimoja unuse: harufu kali ya kuchacha ina maana rudisha chupa.

4. Vidonge vya kawaida vya 1000 mg. Kwa moyo, fedha hiyo ina kazi bora sokoni.

5. Mafuta ya ini la samaki. Yana vitamini A nyingi. Mjamzito asiyanywe bila kumuuliza mhudumu wa kliniki, na mtu yeyote asizidishe kipimo akifukuzia omega-3.

Chupa isiyotaja EPA na DHA, au muuzaji anayekuambia uache dawa za presha, achana navyo kabisa.

Wenye trigliseridi (aina ya mafuta) nyingi kwenye damu wana habari tofauti. Katika utafiti wa REDUCE-IT, gramu 4 za EPA iliyosafishwa zilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 25 kwa wagonjwa waliokuwa tayari wanatumia statini, dawa za kupunguza kolesteroli. Utafiti wa STRENGTH wa mwaka 2020, uliotumia gramu 4 za EPA na DHA pamoja, haukuona faida. Kwa hiyo usijitengenezee dozi kwa kumeza vidonge vingi vya dukani. Hilo ni la daktari. Dozi kubwa pia huongeza hatari ya moyo kupiga ovyo, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kabla ya kuanza. Mapigo yakianza kurukaruka, acha vidonge uende hospitali siku hiyohiyo.