Televisheni ya shilingi 1,500: uzoefu wangu wa kununua vibovu Malindi

Pasaka ikishapita, masika ikianza kujikusanya, Waitaliano wengi wa Malindi hufunga nyumba zao na kurudi kwao. Huo ndio msimu wangu. Nyumba za upande wa Casuarina zikisafishwa, vyombo vilivyokufa hutolewa nje, na vingi huishia kwa ami mmoja wa Maweni anayevipanga barazani kwake: spika, deki, feni, televisheni zimelazwa kifudifudi kama ng'onda juani. Hana bango wala risiti. Nasema mapema ili anayetaka waranti asipoteze nauli ya tuktuk.

Aprili nilimkuta na televisheni bapa ya inchi 32, haina rimoti.

"Shikamoo ami. Hii inaumwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Haiwaki, taa nyekundu inapepesa tu. Elfu tatu."

Moyoni nilifurahi, usoni nikakunja ndita. Taa ikipepesa, mara nyingi ugonjwa uko kwenye bodi ya umeme, na bodi hutibika. Kisichotibika ni kioo. Kikipasuka, bei ya kingine inakaribia televisheni nzima. Nikamulika kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni, sikuona ufa. Tukavutana mpaka 1,500.

Unaponunua vya namna hii, kuwa mwangalifu unapovifungua. Kapasita, yaani kile kikopo kinachohifadhi umeme ndani ya bodi, ile kubwa iliyo upande wa umeme wa ukutani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata plagi ikishang'olewa. Mimi huimaliza umeme huo kwa balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa waya mbili, kisha napima kwa mita kabla ya kutia mkono. Siku hiyo wahalifu walikuwa wadogo: kapasita mbili za mikrofaradi 1000, volti 10, zimevimba vichwa kama mahamri. Nikaweka za volti 16, shilingi 40 kila moja. Volti ikizidi kidogo si neno, mradi kapasita inaenea mahali pake. Ikipungua ndiyo balaa. Plagi yake ya Kiitaliano, yenye miguu mitatu iliyojipanga mstari mmoja, nikaikata nikafunga yetu ya miguu ya bapa. Umeme wa kwao ni volti 230, kwa hivyo hakuhitajiki transfoma. Kitu kilichoandikwa volti 120 pekee ningekiacha hapo hapo barazani.

Ikawaka! Menyu yote Kiitaliano, lakini Malindi hata muuza madafu anajua "lingua" ni nini. Kilichoniudhi ni stesheni: nilitafuta, nikatafuta, hakuna hata moja. Kumbe ilitengenezwa kwa DVB-T, mfumo wa kwanza wa matangazo ya dijitali ya antena, na sisi tangu analogi izimwe mwaka 2015 tunatumia DVB-T2, mdogo wake ambao televisheni hiyo haiuelewi. Ikabidi king'amuzi na waya wa HDMI, gharama ambayo sikuipigia hesabu. Hata hivyo nimeridhika nayo. Mama anatazama taarifa ya habari ya saa moja kila jioni, ila kila akitaka kuzima huniita niende nikapapase vitufe vya mgongoni.

Amplifaya ndiyo iliyonila. Shilingi 800, mwili unang'aa. Sikuangalia skrubu. Nyumba za ufukweni hupuliziwa chumvi usiku na mchana, na chumvi huanza na skrubu kabla ya kuingia ndani. Nilipoifunua, njia za shaba zilikuwa na ukoga wa kijani. Nikasugua kwa spiriti na mswaki, ikaimba wiki mbili, ikanyamaza. Sasa skrubu zikiwa na unga mweupe sinunui, hata kwa mia. Na maikrowevu siigusi hata ya bure. Kapasita yake ni ya maelfu ya volti, na nina watoto.

Nilimrudishia ami amplifaya yake nikiwa nimenuna. Akaigeuza, akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka.

"Mwanangu, mimi si nilikuuzia kibovu? Basi kimerudi kilivyokuwa."

Pesa hakurudisha. Lakini akaingiza mkono kwenye ndoo iliyojaa takataka za waya, akanitupia rimoti mbili, nichague mwenyewe. Moja inazima ile televisheni ya mama. Betri hakunipa.