Fundi aliyeniambia Ubuntu yangu imekufa

Kama kompyuta yako ina Windows na Ubuntu (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa jamii ya Linux) kwenye diski moja, na uko Mtwara mjini, soma hii kabla hujamkabidhi fundi. Duka silitaji jina. Ni msimu wa korosho uliopita, lakini nikikumbuka bado napanda hasira.

Mimi ni karani wa chama cha msingi. Nani kaleta kilo ngapi ghalani, nani kakatwa nini, nani bado anadai, yote yapo upande wa Ubuntu. Flashi zinazozunguka kwenye stesheneri zetu zimejaa virusi vya kuficha mafolda, na virusi vile vya Windows huku haviwaki. Windows naiweka kwa ajili ya printa na fomu za ofisini. Basi minada imeshaanza, Windows ikafanya apdeti kubwa, na kuanzia hapo kila nikiwasha kompyuta inaingia Windows moja kwa moja. Ile menyu ya kuchagua haitokei.

Nikaipeleka dukani. Fundi akachukua elfu tano ya kuangalia, akafungua Windows, akatazama orodha ya diski. "Mama, hapa hakuna kitu. Hiyo Linux imekufa. Tunafuta yote, tunapiga Windows mpya, elfu thelathini." Nikamwambia mle kuna hesabu za wakulima. Hata uso hakuinua. "Mama, ungekuwa unajua kompyuta usingekuja hapa." Wateja wamejaa, mmoja akacheka.

Elfu tano ningeisamehe. Neno lile siwezi, kwa sababu asiyejua alikuwa yeye.

Windows yenyewe haisomi ext4, ambao ndio mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao Ubuntu huutumia kwa kawaida. Sehemu ile ya diski haipewi herufi kama C au D, kwa hiyo kwenye orodha ya kawaida huioni. Haimaanishi imefutika! Angefungua Disk Management, sehemu ya Windows inayoonyesha mgawanyo wa diski nzima, angeikuta imekaa pale na ukubwa wake. Hakufungua. Alikuwa ameshashika flashi yake ya Windows mkononi.

Nilichukua kompyuta yangu nikaondoka. Jioni mtoto wa jirani, anasoma chuo hapahapa, akaja kuitazama. Kabla hajagusa kitu akauliza: "Shikamoo mama. BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski, imewashwa? Maana tukigusa mipangilio ya kuwaka, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48." Angalia tofauti ya watu wawili. Huyu anauliza kwanza.

Yangu ni HP, akaiwasha huku anabonyeza F9. Ikaja orodha, na "ubuntu" ipo, chini ya Windows Boot Manager. Akaichagua, menyu yetu ikarudi, mafaili yote yapo, hadi la mzani wa juzi yake. Kilichobadilika ni zamu tu: Windows ilikuwa imewekwa ya kwanza. Akaingia Ubuntu, akapanga upya kwa amri ya efibootmgr, kwisha. Nikamuuliza, na kama isingekuwepo kwenye F9? Akasema angewasha Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, anakili mafaili yangu pembeni kwanza, ndipo arudishe GRUB, ile programu inayoleta menyu ya kuchagua. Kufuta hakukuwemo kabisa kwenye maneno yake. Pesa alikataa.

Sasa nisimdhulumu yule fundi. Duka lilelile lilinibadilishia kioo huko nyuma, na kioo hadi leo kizima, bei yenyewe ya haki. Kwa kioo, chaji au kibodi ningewaambia nendeni, ila kompyuta ya mifumo miwili msipeleke. Nilitaka kuishia hapo. Lakini nikifikiria kwamba ningeitikia tu "sawa", wazee wa watu wangekuja kudai hela zao nami sina hata mstari wa kuwaonyesha, kwa sababu mtu hakubonyeza F9, naona hata kioo asiwashikie. Msiende.

Labda akiniomba radhi nitaibadilisha hii. Wiki hii nashuka mjini, naifuata elfu tano yangu, na kompyuta nakwenda nayo, nitaiwasha palepale juu ya meza yake.