The Office ya Marekani: mapenzi ya ofisini yenye mashahidi wengi

Mtu akikushauri utazame The Office ya Marekani, mara nyingi atakutajia Jim na Pam. Kijana wa mauzo, dada wa mapokezi, wanachekeshana kutwa nzima, na dada ana mchumba huko chini ghalani. Hiyo ipo, na ni tamu kweli. Lakini mimi nimeitazama yote, misimu tisa, vipindi 201, na kama ingekuwa ni ya hao wawili peke yao ningeiacha mapema. Walionishika ni wale wengine: wahasibu watatu wa kwenye kona, mzee Stanley na chemshabongo yake, Phyllis anayefuma huku masikio yako wazi. Wanaona kila kitu, wanajikausha, na kesho asubuhi wote wamekaa kwenye viti vilevile. Ofisini huwezi kumpenda mtu kimyakimya. Kuna watu wanalipwa mshahara kukaa mita mbili kutoka kwako. Tamthilia hii inapolikumbuka hilo haina mpinzani. Inapolisahau inakuwa ya kawaida tu.

Kwa asiyeijua kabisa: chimbuko lake ni Uingereza, kazi ya Ricky Gervais na Stephen Merchant iliyoanza kurushwa BBC mwaka 2001. Greg Daniels akaiunda upya kwa ajili ya NBC, ikaanza Machi 24, 2005 na kumalizika Mei 16, 2013. Tuko Scranton, Pennsylvania, kwenye tawi la kampuni ya karatasi iitwayo Dunder Mifflin, biashara ambayo kila mtu anaona inakwenda mrama. Bosi ni Michael Scott, ameigizwa na Steve Carell, mtu mwenye kiu ya kupendwa na wafanyakazi wake hadi unamwonea aibu. Kuna watu wa kamera wanaopiga dokumentari ya ofisi hiyo, kwa hiyo wahusika wanajua wanatazamwa. Wanaitupia kamera jicho, wanaikimbia, wanafunga pazia, na kamera inachungulia kwenye upenyo. Vicheko vya kubandika hakuna. Ukicheka umecheka mwenyewe.

Msimu wa kwanza una vipindi sita tu, na kile cha kwanza kimefuata hadithi ya Waingereza karibu hatua kwa hatua. Michael anamfanyia Pam utani wa kumfukuza kazi, eti ameiba vikaratasi vya kunata vya ofisi, hadi Pam analia. Nilitaka kuzima. Ushauri wangu, anza msimu wa pili. Wa kwanza utaurudia ukishawazoea.

Sasa huo uchumba. Hadithi inapoanza, Pam na Roy wana miaka mitatu ya uchumba na tarehe ya harusi haijulikani. Huku kwetu wajomba wangeshaitisha kikao: ama ndoa ifungwe, ama mahari yarudishwe. Scranton hakuna mjomba wa kuuliza, ndiyo maana kijana wa meza ya pili anapata nafasi ya kuzoeleka. Kipindi nilichokirudia zaidi katika hii sehemu ni Booze Cruise, cha Januari 2006. Michael anawapandisha watu boti Ziwa Wallenpaupack, katikati ya baridi kali, akisema ni mafunzo ya uongozi. Usiku Jim na Pam wanajikuta wawili nje, kila mmoja amekuja na mpenzi wake ambaye yuko ndani anakunywa. Maneno yanawaishia. Wanatazamana kwa sekunde 27 bila kusema chochote, na hapo kumbuka kipindi chenyewe ni cha dakika 22 hivi. Jim unamwona kabisa maneno yamemfika mdomoni. Pam anasema anasikia baridi, anaingia ndani. Muda si mrefu Roy, kinywaji kimemkolea, anashika maikrofoni na kutangaza mbele ya wote kwamba harusi ni Juni 10. Watu wanapiga makofi, Pam anaruka kwa furaha, na kamera inamtafuta Jim.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda mimi. Jim, kwa kuelemewa, anamwambia siri hiyo Michael. Yaani katika watu wote wa Scranton! Vipindi viwili mbele ofisi nzima inajua, na Jim inambidi amwendee Pam mwenyewe kabla hajaisikia jikoni: kwamba aliwahi kumpenda, zamani, alipoanza kazi, yameisha. Anasema uongo ili aweze kuendelea kukaa naye chumba kimoja. Ukiwa umewahi kufanya kazi sehemu yenye watu kumi na tano na tangi moja la maji, utamwelewa. Casino Night, kipindi cha kufunga msimu huo, alikiandika Steve Carell mwenyewe, na humo Jim anasema ukweli sehemu ya kuegesha magari, mwezi mmoja kabla ya harusi. Kimesifiwa vya kutosha, sina la kuongeza.

Wanaosifiwa kidogo ni Angela na Dwight. Angela ni mhasibu mlokole mwenye paka wengi na ulimi wa wembe, mwenyekiti wa kamati ya sherehe za ofisi. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anamfahamu mwanamke huyu: rangi ya puto anachagua yeye, keki anachagua yeye, na mchango wako hautoshi. Dwight ni muuzaji hodari, mkulima wa viazisukari, mtumwa wa sheria. Wanapendana kwa siri misimu kadhaa, wakipitana koridoni bila kuangaliana, hadi Dwight anamfungia paka mgonjwa wa Angela kwenye friza akidhani anamsaidia afe vizuri. Angela anavunja uhusiano na kumchukua Andy, mwenzao wa mauzo, kwa kumkomoa. Kwenye sherehe ya kumuaga Toby, afisa rasilimali watu, mwezi Mei 2008, Jim amelipia fataki ili amwombe Pam uchumba. Andy anaziona fataki, anaona hapa ndipo, anapiga goti mbele ya Angela. Angela anakubali kwa sauti ya mtu anayekubali kutibiwa jino. Usiku huohuo Phyllis anarudi ofisini na kumkuta Angela na Dwight juu ya meza.

Hapo ndipo waandishi walionyesha akili. Phyllis ni mama mpole, mnene, aliyedharauliwa na Angela miaka yote. Hapigi kelele. Anauchuna, na Angela ghafla anakuwa mtu wa kutumwa. Phyllis anashika uenyekiti wa kamati, anaagiza, anarekebisha, Angela anafyata. Katika Moroccan Christmas, cha Desemba mwaka huo, Phyllis anaandaa Krismasi ya mtindo wa Moroko na kumtuma Angela kazi moja kubwa mno kuhusu mti wa Krismasi. Angela anagoma. Hesabu yake iko sawasawa: ukisema, umeishiwa silaha. Phyllis anamtazama, kisha anageuka na kulitangaza mbele ya ofisi nzima. Kimya. Andy, mchumba mwenyewe, hakuwepo pale. Anarudi na sitar yake, ala ya nyuzi ya Kihindi, mwenye furaha kama kawaida, anaingia katikati ya watu ambao wote wameshajua, na hakuna anayefumbua mdomo. Anaondoka na mchumba wake mkononi. Nilicheka, halafu nikajiuliza ningekuwa mmoja wao ningesema? Nafikiri na mimi ningeangalia sakafu.

Ukiniambia nichague kipindi kimoja cha kumwonyesha mgeni, nitachagua Dinner Party. Kilirushwa Aprili 10, 2008, cha kwanza baada ya mgomo wa waandishi wa Hollywood kukatiza msimu, na kinaanza na mtego. Michael amewaalika Jim na Pam chakula cha jioni mara nyingi na kila mara wana udhuru. Safari hii anatangaza kazi ya ziada ya usiku, kila mtu analalamika, Jim anakiri hana ratiba nyingine yoyote. Basi, kazi imefutwa, njooni nyumbani kwangu. Sijaona mtu akikosa pa kutokea namna ile.

Nyumbani kuna Jan, ambaye zamani alikuwa bosi wake Michael kutoka makao makuu, sasa hana kazi na anatengeneza mishumaa yenye harufu. Kila kitu ndani ya ile nyumba kinakuambia jambo ambalo wenyewe hawajalisema. Michael analala kwenye benchi dogo lililowekwa miguuni pa kitanda. Runinga yake ya ukutani, iliyomgharimu dola 200, ni ndogo kama trei ya chai, na anaionyesha kwa fahari, anaisukuma irudi ukutani, anaivuta tena. Jan anaweka wimbo wa kijana aliyekuwa msaidizi wake wa ofisini na kuanza kucheza, na wageni wanajua, na Michael anajua, na wimbo unaendelea. Wakati huo nyama haijaiva. Jan ameiweka jikoni wageni wameshafika, na inahitaji saa tatu. Wenye kualika watu kwetu wataelewa ukubwa wa kosa hilo. Mgeni akifika anakuta sufuria limeshafunikwa pembeni, angalau ale karanga. Hawa wanakaa na njaa wakisikiliza ugomvi wa mke na mume ambao si mke na mume. Michael anabeba lawama za upasuaji wa kufunga uzazi aliofanyiwa, akafunguliwa, akafungwa tena, kila Jan anapobadili mawazo, na anayasema mezani mbele ya wafanyakazi wake. Jim anajaribu kutoroka kwa kisingizio kwamba maji yamefurika kwake, na alikuwa tayari kumwacha Pam pale! Mwishowe Jan anarusha sanamu ya tuzo na kuivunja ile runinga, polisi wanagonga mlango.

Kinachokifanya kipindi kile kizidi vingine ni kwamba hakuna mwovu. Jan anaumia, Michael anaumia, na wageni ni watu wazuri waliokwama. Ukikitazama mara ya pili, acha wanaozungumza na uwatazame wanaosikiliza. Uso wa Pam akishika mshumaa na kuunusa unatosha.

Sasa malalamiko. Jim na Pam wanaoana Oktoba 2009 katika kipindi cha saa nzima, Niagara, kizuri sana, hasa pale Jim anaposimama kwenye karamu ya usiku wa kuamkia harusi na kuropoka kuhusu ujauzito mbele ya bibi yake Pam aliyekuwa hajui. Baada ya hapo hawana cha kuficha, na watu wasio na cha kuficha ofisini hawachekeshi. Carell aliondoka mwaka 2011 na msimu wa 8 niliutazama kwa sababu tu nilikuwa nimeshafika huko. Wapenzi wengine wa ofisini, Kelly na Ryan, wa kuachana na kurudiana, walinichosha mapema zaidi.

Lingine ni la wanawake wenzangu. Misimu ya mwanzo Michael anasema mambo juu ya mwili wa Pam ambayo huku tunayajua, tunacheka kidogo ili siku ipite. Kuna kipindi kizima cha 2005 kuhusu unyanyasaji wa kingono, ambapo Toby anajaribu kufundisha na Michael anaahidi kuacha mizaha ya matusi, ahadi inayodumu mpaka Jim anapomchokoza. Tamthilia inamcheka Michael, haimcheki Pam, na hilo nalikubali. Lakini niliwahi kuwa na bosi wa aina hiyo, na zipo jioni ambazo sikuwa na hamu ya kumwona mwingine kwenye skrini. Angalia jinsi Toby alivyowekwa: meza yake iko chumba cha nyuma, mbali na watu, na bosi anamchukia waziwazi. Mwenye kazi ya kupokea malalamiko ndiye asiye na sauti. Nani alikaa na waandishi wale akawasimulia ofisi yetu?

Kwa matumizi: vipindi vifupi haviumizi bando, na vinafaa foleni ya jioni ukiwa na spika za masikioni. Weka maandishi chini ya picha, kwa sababu nusu ya mzaha inasemwa chini chini, mtu akiwa amegeuka. Usitazame na wazazi. Usitazame pia na mtu unayempenda kazini kabla hujamwambia.

Msimu wa 9 una kitu ambacho mashabiki wengi hawakukipenda na mimi nakitetea. Jim ameanza biashara Philadelphia, ndoa inayumba, wanagombana kwenye simu, na Pam anabaki analia ofisini. Mtu wa maikrofoni, Brian, ambaye hatujawahi kumwona, anaingia kwenye picha kumtuliza na kuamuru wazime kamera. Miaka yote hiyo alikuwepo akisikiliza kila pumzi ya mwanamke huyu. Ni shahidi kuliko Phyllis. Wazo zuri sana. Halafu waandishi wakaogopa. Vipindi vichache mbele Brian anampiga mtu wa ghalani kwa maikrofoni ili kumlinda Pam, anafukuzwa kazi, na jambo linafunikwa. Tunapata malipo kidogo tu pale matangazo ya dokumentari yanapotoka na wafanyakazi kugundua kuwa walirekodiwa hata walipodhani wamejificha, ofisi nzima ikahaha kila mtu akihesabu madhambi yake. Hapo palitosha kwa msimu mzima, wao wakapatumia kwa dakika chache.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano wagawane msimu wa 8 na yule aliyeamua Brian aondoke haraka vile.