Clonfert: mlango tumeuona, kanisani hatukuingia

Nyota mbili, na zote ni za mafundi waliochonga jiwe. Kampuni ya utalii iliyotupeleka isijipigie makofi.

Anayelipia safari ya kwenda Clonfert, kijiji cha County Galway, Ireland, karibu na mto Shannon, anafuata Kanisa Kuu la Mtakatifu Brendan, hasa mlango wake wa mawe yaliyochongwa. Kingine cha kufuata ni kidogo. Hata chai ni heri uinywe Banagher, ng'ambo ya mto.

Basi lilifika kwenye saa nne asubuhi. Nani alipanga saa hiyo? Makanisa ya zamani madhabahu yake hukaa mashariki, mlango mkubwa magharibi, kwa hiyo asubuhi mlango wote uko kivulini na nakshi zimelala kama nguo iliyopigwa pasi. Kiangazi jua huanza kuupiga kwa ubavu kwenye saa nane au saa tisa mchana, na hapo ndipo kila kichwa kinapochomoza na kivuli chake.

Hilo ningelisamehe. Lakini kanisa lilikuwa limefungwa! Makanisa mengi ya vijijini Ireland hayana mtu wa kukaa mlangoni. Nje ya saa za ibada hufungwa, na ufunguo huwa kwa muumini anayeishi jirani. Kinachotakiwa ni simu moja, siku mbili kabla. Haikupigwa. Mtembeza wageni alipoulizwa, hakutoa hata mikono mfukoni: "Si mmefuata mlango? Huo hapo."

Huo hapo! Na nguva je? Ndani, kwenye tao la kuingilia madhabahuni, kuna nguva wa jiwe, nusu mwanamke nusu samaki, wa karne ya 15, mkono mmoja kashika kioo, mwingine kitana. Kwenye tundu la kufuli haonekani, tulichungulia.

Mlango wenyewe, basi, sina neno. Ni jiwe mchanga la karne ya 12, matao yamezamishwa moja ndani ya jingine, wanyama wameng'ata ukingo wa mviringo, na juu kuna pembetatu iliyojaa vichwa vya watu. Bwana mikono-mfukoni akasema vyote ni vya zama moja. Si kweli. Tao la ndani kabisa ni la jiwe la chokaa, la kijivu, liliongezwa karne ya 15. Tofauti ya rangi mtoto angeiona. Kisha mikono ikatoka mfukoni, kumbe kwa ajili ya kupapasa vichwa, na wageni wakamfuatisha. Jiwe mchanga lililoliwa na mvua miaka mia nane huachia chembe ukilipitishia kidole tu. Hapo nyota zilitaka kubaki moja.

Lakini nikiukumbuka ule mlango, mkono unasita. Labda tatu. Hapana, mbili zinatosha, nauli yao si ndogo.

Anayetaka kwenda asipitie kwao. Treni ya Dublin kwenda Galway husimama Ballinasloe. Shuka hapo, chukua teksi, patana na dereva akusubiri, maana teksi ya kurudi hutaiona barabarani. Ufunguo uombe mapema kwa parokia ya Kianglikana, si ya Kikatoliki. Beba kurunzi, na ukimmulika nguva mmulike kwa ubavu. Ukimmulika usoni, kitana hukioni.